Nimetoka kwenye tembe la Livingstone, Kwihara (Tabora). Kwa nini mchungaji huyu hakuondoka na Stanley?

#1 Mtembezi_wa_Reli

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa Tabora kwenye harusi ya binamu yangu. Kesho yake asubuhi, wenzangu wamelala, nikachukua bodaboda kwa barabara ya Kipalapala mpaka Kwihara, kulitazama tembe alilokaa Dk. David Livingstone mwaka 1872. Habari zake nimezisoma tangu shule ya msingi, lakini nyumba yake ilikuwa mara yangu ya kwanza. Imefanyiwa ukarabati na sasa ni makumbusho. Rangi yake ni wekundu wa udongo, paa ni bapa, mlango ni wa mbao ya kuchongwa kama ile ya Unguja. Kuta ni nene kiasi kwamba nje jua linachoma na ndani unatamani shuka.

Nilikaa pale nje muda mrefu, mwenye bodaboda akawa ananipigia honi. Kilichonikalisha ni hiki. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York aliyetumwa kumtafuta, alimkuta mzee Ujiji akiwa mgonjwa na hana kitu. Wakaja pamoja hadi hapa, wakafika 18 Februari 1872. Nguo zipo, dawa zipo, chakula kipo, njia ya Bagamoyo inajulikana. Stanley akamsihi warudi wote, mzee akakataa. Tarehe 14 Machi wakaagana. Livingstone akabaki kwenye nyumba hii zaidi ya miezi 5 akingoja wapagazi, kisha 25 Agosti akaelekea kusini, na 1 Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Sasa wenye kujua: kitu gani kilimzuia mtu wa miaka 58, aliyebaki na meno machache, anayetokwa damu tumboni, asirudi kwa watoto wake wakati mlango ulikuwa wazi? Nimeona vyumba, nimeona nakala za barua na ramani, na bado swali hili limenikaa kooni.

#2 Kijana_wa_Forodhani

Mkuu, nyumba ya Livingstone si iko Unguja, ile ya kwenye barabara ya kwenda Bububu? Mbona tulipelekwa pale na shule tukaambiwa ndiyo hiyo?

#3 Mwalimu_Mstaafu

Kijana, zote ni zake na zote si zake. Ile ya Unguja ilijengwa mnamo 1860 kwa ajili ya Sultani Majid, na Livingstone alikaa pale mwaka 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Hii ya Kwihara ni ya mwisho wa safari hiyohiyo, miaka sita baadaye. Katikati hapo kuna Ujiji, penye mnara wa kumbukumbu, lakini nyumba aliyokaa kule haipo tena.

Nirekebishe jambo moja kabla halijaenea. Kuna wageni wanaosimulia kwamba Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1871 na Stanley akaja kumngojea hapo. Ni kinyume. Mwaka 1871 aliyekaa Kwihara ni Stanley, akiwa amekwama kwa vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo. Alifika Juni, akajitia kwenye vita upande wa Waarabu, wakashindwa vibaya mwezi Agosti, Mirambo akaichoma Tabora. Stanley akatoboa kuta za tembe ili watu wake wapate matundu ya kupitishia bunduki. Mirambo hakufika Kwihara. Livingstone wakati huo alikuwa bado anatoka Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika.

Kuhusu swali la mtoa mada, mimi nasema Naili na sitaongeza neno. Mzee aliamini mto Lualaba ndio mwanzo wa Naili. Alitaka azunguke kusini mwa ziwa Bangweulu, aone zile chemchemi nne ambazo Herodoto alizisimulia zamani, ndipo arudi. Alikosea, maana Lualaba ni Kongo, na Stanley huyohuyo ndiye aliyeufuata hadi Atlantiki akalithibitisha hilo mwaka 1877. Lakini mtu huongozwa na anachokiamini, hata kama si kweli.

#4 Mwana_wa_Mkasiwa

Shikamoo mwalimu. Umesahau kusema nyumba ilikuwa ya nani. Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora na Kwihara, ilikuwa na mtemi wake, Mkasiwa, na nyumba zile zilikuwa za Waarabu wa msafara waliokaa kwa idhini yake. Livingstone alikuwa mgeni wa mgeni. Tunapoandika "nyumba ya Livingstone" tunamfuta mwenye nchi na mwenye nyumba kwa mkupuo mmoja.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Hapo nimekubali, mwanangu.

#6 Shemasi_Jeremia

Ndugu mtoa mada, asante kwa uzi. Ila mnamwita "mchungaji" na hapohapo mnamjibia kama mpima ramani. Tuanzie hapo. Livingstone aliwekewa mikono London, Novemba 1840, kabla hajapanda meli ya kuja Afrika. Alikuwa mchungaji na alikuwa tabibu. Tarehe 19 Machi 1872, siku tano tu baada ya Stanley kuondoka, alitimiza miaka 59 akiwa ndani ya kuta hizohizo ulizozikalia, na katika shajara yake akaandika sala ya kujitoa upya nafsi yake yote kwa Yesu, akiomba kazi yake imalizike kabla mwaka haujaisha.

Mtu aliyeandika hivyo hangeweza kurudi. Alikwisha kujiweka madhabahuni. Mimi sihitaji sababu nyingine.

#7 Fikra_Huru_Moro

Shemasi, kwa heshima zote, huyo "mchungaji" alijitoa katika shirika lake la misheni mwaka 1857 na kuanzia hapo akawa anatumwa na serikali na wanajiografia. Na kondoo wake? Tunayemjua hasa ni mmoja, Sechele, chifu wa Wakwena, aliyebatizwa 1848, na miezi michache baadaye akatengwa kwa sababu ya mke aliyekuwa ameachana naye. Huyu ni mpelelezi aliyekuwa na Biblia begani.

#8 Shemasi_Jeremia

Malizia habari ya Sechele, ndugu yangu. Baada ya Livingstone kuondoka, Sechele huyo aliendelea kuwafundisha watu wake Neno kwa miaka mingi, bila mzungu. Waliokuja baadaye walikuta watu wanaosali. Mpanzi hakuona mavuno, lakini mbegu iliota. Usihesabu kondoo kwa vidole.

#9 Bibi_Asali_Sikonge

Wanangu, mimi siwezi mabishano ya dini. Nawaambia kuhusu nyumba.

Pale Kwihara palikuwa na mwanamke anaitwa Halima. Ndiye mpishi. Alikuwa mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wa Livingstone. Palikuwa na mwingine, Ntaoeka, aliyefuatana nao akaolewa na Chuma, mtumishi mwingine. Katika miezi ile ya kungoja, Halima na Ntaoeka wakagombana, Halima akabeba vyake akaondoka. Mzee akahangaika kumtafutia, akapeleka barua kwa jirani Mwarabu. Kumbe Halima amerudi mwenyewe. Mzee akaandika kwamba ni mtu mwaminifu na kwamba wakifika Unguja atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani.

Nyumba na bustani! Hawakufika Unguja pamoja. Mzee alirudi akiwa mzigo wa begani. Mimi nilipokwenda pale niliuliza tu: jiko lilikuwa upande gani? Maana kwangu hiyo ndiyo nyumba ya Halima.

#10 Mtembezi_wa_Reli

Bibi, shikamoo. Hili sikulijua kabisa. Ningelijua ningetazama ule uani kwa jicho lingine.

#11 Jikoni_Daima

Bibi Asali ukisema jiko umenikumbusha: ni kweli kwamba alikuwa anatengeneza jibini pale?

#12 Bibi_Asali_Sikonge

Marahaba mwanangu Mtembezi. Jikoni, ni kweli. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, akatengeneza jibini za kuchukua safarini. Akaandika kwamba ni nzuri ila zina uchachu, maana maziwa ya huku hugeuka haraka. Sisi tungemwambia: acha yagande, kunywa mtindi.

#13 Fundi_Udongo

Wakuu, mimi ni fundi ujenzi, nimefanya kazi za kurekebisha nyumba za zamani Bagamoyo na Kilwa. Naomba niulize kwa nia njema kabisa: kwa tembe la udongo lenye zaidi ya miaka 150, "lenyewe" ni lipi?

Maana tembe halikai kama jumba la mawe. Paa lake ni boriti juu ya nguzo, juu ya boriti unapanga fito, juu ya fito majani, kisha udongo unaoshindiliwa. Paa hilo ni zito mno. Kila masika unalipanda na kulikandika upya. Ukiacha misimu miwili mitatu bila matengenezo, maji yanapata njia, boriti inaoza mahali inapoingia ukutani, paa linaketi, ukuta unafuata. Na mchwa wa Tabora mnawajua. Kwa hiyo hata mwenye nyumba wa 1872 alikuwa anaijenga upya kidogokidogo kila mwaka. Ukarabati wa sasa ni mwendelezo wa kazi ileile.

Kinachonitia wasiwasi kwa nyumba za aina hii popote nchini ni saruji. Ukipaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea. Nje unaona ukuta safi, ndani udongo umekuwa uji. Halafu siku moja lipu yote inabanduka na kipande cha ukuta. Udongo hurekebishwa kwa udongo, na chokaa ukitaka rangi.

#14 Mgogo_Asilia

Fundi umesema vizuri, sasa na mimi niseme la kwetu. Tembe ni la Wagogo! Wanyamwezi nyumba yao ni msonge, ya mviringo. Hata hilo tembe la Kwihara wametuazima, na hawajalipa.

#15 Mwana_wa_Mkasiwa

Wewe mtani, babu zako walitutoza hongo kila tulipopita Ugogo na mizigo. Kitambaa kwa kila mtemi, kitambaa kwa kila kisima. Ukijumlisha hongo ile tumenunua matembe yote ya Dodoma na chenji inabaki.

#16 Mgogo_Asilia

Maji ya Ugogo mlikunywa bure? Hiyo ilikuwa bili ya maji.

#17 Fundi_Udongo

Watani mmemaliza? Haya. Tembe la Mgogo ni la chini, linazunguka zizi la ng'ombe. Haya ya Waarabu wa Tabora yalichukua paa hilohilo bapa, yakanyanyuliwa kuta, yakawekewa baraza mbele, ua katikati na mlango wa nakshi. Ni ndoa ya bara na pwani. Mafundi walikuwa watu wa hapahapa, kwa hiyo msigombanie.

#18 Mama_Wawili_Iringa

Narudi kwenye swali la #1, maana naona linapotea kwenye udongo.

Mnamtafuta kwenye Naili na kwenye madhabahu. Mimi namtafuta kwenye familia. Mke wake Mary alikufa Shupanga, kando ya Zambezi, Aprili 1862, kwa homa, baada ya kumfuata yeye huko. Mtoto wake mkubwa Robert alikwenda Marekani, akaingia jeshini kwa jina la uongo, akafa akiwa mateka mwaka 1864. Baba alikuwa amekaa na mtoto huyo muda mfupi sana maishani. Mtu kama huyo anarudi kwa nani? Kuna watu wanaokaa kazini hadi saa mbili usiku kwa sababu wanaogopa ukimya wa nyumbani. Nimemzika mume mwaka juzi, najua ninachosema. Kazi haina macho ya kukutazama.

#19 Shemasi_Jeremia

Pole sana dada. Mungu akutie nguvu.

#20 Msomaji_Kimya

Pole dada Mama Wawili. Lakini watoto wengine walikuwepo. Kuna Agnes, binti yake. Barua yake ilimfikia katika kipindi hichohicho cha Kwihara. Alimwambia baba yake kwamba ingawa anatamani sana arudi, ni heri amalize kazi yake kwa kuridhika kuliko kurudi ili kumfurahisha yeye tu. Livingstone aliinakili kauli hiyo kwenye shajara na kumsifu binti yake kwa moyo huo. Kwa hiyo ruhusa aliipata, na aliipata kutoka kwa mtu pekee ambaye angeweza kumrudisha.

Tena mwaka huohuo 1872 mwanawe Oswell alifika hadi Unguja na msafara wa kumtafuta baba yake. Stanley alipofika pwani mwezi Mei na habari kwamba mzee yu hai na amepata vifaa, msafara ukavunjika, kijana akarudi Uingereza. Baba yuko Kwihara anangoja, mtoto yuko Unguja, hawakuonana.

#21 Mama_Wawili_Iringa

Sasa hapo umeniongezea, hujanipunguzia. Binti alisema vile akijua baba yake atafanya anachotaka. Watoto huwa wanajua.

#22 Fikra_Huru_Moro

Sababu ya nne: heshima. Safari yake ya Zambezi, 1858 hadi 1864, iliharibika. Watu walikufa, meli hazikufaa, serikali ikamwita arudi. Alirudi akiwa amepungua machoni pa watu. Sir Roderick Murchison, mkuu wa chama cha wanajiografia cha London, ndiye aliyemwamini tena na kumtuma akamalize suala la mito. Murchison akafa Oktoba 1871. Mzee akabaki na deni kwa mtu aliyekufa, na deni la namna hiyo halina wa kukusamehe. Angerudi 1872 bila jibu la Naili angekuwa mtu aliyeshindwa mara mbili.

#23 Mzaramo_Msomi

Na mmeruka kitu kikubwa kuliko vyote. Nyangwe, 15 Julai 1871. Alikuwa amesimama sokoni kando ya Lualaba, watu wa misafara wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Wengine walirukia mtoni wakazama. Waliokufa ni mamia. Jambo hilo ndilo lililomfanya ageuke kurudi Ujiji akiwa amevunjika.

Katika barua aliyomkabidhi Stanley kwa ajili ya gazeti lake la New York alisema kwamba ikiwa habari zake za biashara ya watumwa zitasaidia kuikomesha, hilo kwake ni kubwa kuliko kugundua chemchemi zote za Naili. Kwa hiyo mwalimu wangu wa #3, mwenyewe ameipima Naili akaiona nyepesi.

#24 Mwalimu_Mstaafu

Nimeisoma barua hiyo, mtani wangu. Lakini tazama miguu yake ilikwenda wapi. Angetaka kupiga vita utumwa, mahali pa kuupiga vita mwaka 1872 palikuwa London, kwenye kumbi na magazeti. Miguu ilikwenda Bangweulu kwenye matope. Aliandika utumwa, akatembea Naili.

#25 Mzaramo_Msomi

Hata hivyo barua ilifika na yeye hakuhitajika. Mwaka 1873 soko la watumwa Unguja likafungwa. Shikamoo, mwalimu.

#26 Mwana_wa_Mkasiwa

Na mnaona ajabu moja? Mtu anayechukia biashara hiyo analala kwenye nyumba ya wafanyabiashara wa msafara, anakula kwa msaada wao, anapeleka barua kwa njia zao. Silisemi kumhukumu. Njia ilikuwa moja, ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo, na mwenye kwenda alipita hiyohiyo. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi kwenye njia hiyo, alifika pwani na kurudi mara kadhaa. Kwetu hakuna picha yake, limebaki jina tu.

#27 Mkazi_wa_Glasgow

Wakuu, naandika kutoka Uskoti, niko huku kwa masomo. Kutoka Glasgow hadi Blantyre ni mwendo mfupi wa treni, na huko ndiko alikozaliwa, 19 Machi 1813. Nyumba ni jengo refu la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia yao nzima ilikaa chumba kimoja. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 10, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kitabu amekiegemeza kwenye mashine.

Makumbusho yale yalifungwa kwa ukarabati mkubwa, yakafunguliwa tena 2021. Nilipoingia nilitegemea kumwona yeye tu. Nikakutana na Susi na Chuma, watumishi wake. Wamepewa nafasi yao, majina na safari yao. Nilisimama pale nikajikuta nalia mbele ya wanafunzi wa shule, kwa sababu niliyaona majina ya watu wetu mbali na nyumbani, yametamkwa vizuri.

Nilichojifunza pale kuhusu swali lenu: mtu aliyekulia chumba kimoja na watu saba, akajifunza Kilatini kati ya nyuzi za pamba, hajui kuacha kazi nusu. Naiweka kama sababu ya sita, mkiwa bado mnahesabu.

#28 Msomaji_Kimya

Susi na Chuma ndio waliokuwa nae Kwihara pia, pamoja na Amoda, Gardner na Mabruki. Tarehe 14 Agosti wakaja wapagazi 57 waliotumwa na Stanley kutoka Unguja, akiwemo Jacob Wainwright. Baada ya siku 11 wakaondoka.

#29 Mtembezi_wa_Reli

Wakuu nimekaa nasoma tangu alfajiri. Naomba anayejua: je, kuna yeyote kati yao aliyerudi tena kwenye nyumba ile?

#30 Msomaji_Kimya

Wote waliobaki hai, mkuu. Na hilo ndilo lililonifanya nijiunge kwenye uzi, maana sijaona mtu amelitaja.

Mzee alipokufa waliukausha mwili kwa chumvi na jua, moyo wakauzika chini ya mti wa mpundu kwa Chitambo, Wainwright akasoma maziko. Kisha wakaufunga mwili kwa magome ya mti na turubai, wakaubeba. Oktoba 1873 Chuma akatangulia, akaingia Kwihara. Kwenye tembe lilelile alikuta Waingereza wengine, Luteni Cameron na wenzake, waliotumwa kumsaidia Livingstone. Walikuwa hoi kwa homa na macho. Hao ndio waliopokea habari.

Siku chache baadaye mzigo ukaingia. Cameron akawashauri wamzike hapohapo Unyanyembe, njia ya mbele ni ya hatari. Ulikuwa ushauri wa akili kabisa. Susi na Chuma wakakataa. Walisema mzee lazima afike kwao.

Kwa hiyo ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na kukataa kuwili. Machi 1872 mmoja alikataa kurudi nyumbani. Oktoba 1873 wengine walikataa aachwe njiani.

#31 Bibi_Asali_Sikonge

Ee Mungu wangu. Na Halima alikuwemo kwenye msafara huo.

#32 Mama_Wawili_Iringa

Nimesoma #30 mara tatu.

#33 Mgogo_Asilia

Kuna mahali kabla ya kufika kwetu watu waliwazuia kupita na maiti, si ndiyo? Niliwahi kusikia walidanganya.

#34 Msomaji_Kimya

Ndiyo mkuu, Kasekera, mbele kidogo ya Kwihara. Wakajifanya wameurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe, kumbe wameufunga upya mfano wa mtumba wa nguo. Wakapita nao hivyo hadi Bagamoyo, Februari 1874. Akazikwa Westminster tarehe 18 Aprili. Wainwright alikuwepo kwenye maziko. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

#35 Fikra_Huru_Moro

Shemasi, narudi kwako. Nilisema hakuwa na kondoo. Baada ya #30 nafuta neno hilo. Bado nasema alikuwa mpelelezi, lakini watu hawambebi mpelelezi miezi tisa.

#36 Shemasi_Jeremia

Asante ndugu. Na mimi nakubali kwamba Bangweulu haikuwa parokia.

#37 Kijana_wa_Forodhani

Naomba kuuliza tena, msinicheke. Tarehe ya kukutana Ujiji ni lini hasa? Kitabuni kwetu ni 10 Novemba 1871, mahali pengine nimeona Oktoba.

#38 Mwalimu_Mstaafu

Hakuna wa kukucheka. Tarehe 10 Novemba ni ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa homa, kwa hiyo wanahistoria bado wanavutana. Andika ya kitabuni kwenye mtihani, nyingine ibaki kichwani.

#39 Fundi_Udongo

Mtoa mada, ukirudi nitazamie kitu kimoja. Gusa ukuta wa nyuma, ule usiopigwa jua, kwa kiganja, usawa wa goti. Ukiwa mkavu, nyumba itakaa. Ukiwa na ubaridi wa maji, niandikie hapa.

#40 Bibi_Asali_Sikonge

Na mimi unitazamie jiko.

#41 Mwana_wa_Mkasiwa

Na kaburi la Shaw, yule mwenzake Stanley aliyefia Kwihara 1871. Livingstone alilitaja. Waulize wazee wa pale kama wanajua lilipo.

#42 Mtembezi_wa_Reli

Nimempigia binamu, narudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa treni. Ukuta wa nyuma usawa wa goti, jiko, kaburi la Shaw. Nimeandika. Safari hii bodaboda nitaikodi ya siku nzima.

#43 Mgogo_Asilia

Ukipita Dodoma usiku usilale. Hongo iko palepale.

#44 Bibi_Asali_Sikonge

Mwacheni apite. Mwanangu, ukitoka Kwihara pitia sokoni, ninunulie michembe, safari hii nitalipa mimi.